Kidonge Mama Kwenye Pindo

Ulimi ulikuwa umeshalamba na kutema, na sasa ulikuwa unasubiri jibu.

"Ladha mpya imepanda," kioo kiliandika kwa zile herufi zake za kijani zisizojua haraka. "Ladha ya zamani: sabini na tisa katika mia. Thibitisha, au tangaza tofauti. Mwisho wa kujibu: saa sita mchana."

Atuganile Mwasomola alisoma mara tatu. Mara ya kwanza alidhani ni macho yake. Mara ya pili alikifuta kioo kwa mkono wa koti lake jeupe, kana kwamba tarakimu ni vumbi. Mara ya tatu akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, kiti ambacho kwa miaka tisa ya kuendesha famasi hii hakuwahi kukikalia hata siku moja.

Nje mvua ya Itagwe ilikuwa inanyesha, ile nyembamba ya mlimani isiyoisha. Ilikuwa saa tatu na dakika tano asubuhi. Gari la Bodi ya Ubora lilikuwa limeondoka muda si mrefu, gari la kwanza kupanda tangu daraja la bondeni libebwe na maji. Lilikuwa limemwachia mikebe ya unga wa dawa, maboksi ya bahasha, na kichupa kimoja cha kioo chenye kidonge kimoja tu ndani yake. Hicho ndicho watu wa kazi hii wanachokiita kidonge mama.

Siku hizi hakuna famasi ya kijiji inayoletewa vidonge vilivyo tayari. Unga huletwa kwenye mikebe, na kinu humfyatulia kila mtu dawa yake kulingana na uzito wake, umri wake na damu yake. Kinu chenyewe hakina akili nyingi. Kinafuata kinachoambiwa na Ulimi, kile kisahani kilicho pembeni yake, ambacho huonja kila kidonge kabla hakijaingia kwenye bahasha na kusema kama dawa iliyomo imetimia. Na Ulimi unajuaje kutimia ni nini? Unafundishwa kila asubuhi. Mfamasia anakiweka kidonge mama juu yake, Ulimi unakilamba, na ladha ile ndiyo inakuwa mia ya siku hiyo. Kidonge mama kikiwa kizima, kijiji kizima kinakunywa dawa nzima. Kikiwa kimelegea, Ulimi hauna wa kumuuliza, kwa kuwa juu ya mama hakuna mwingine.

Na chake kilikuwa kimelegea kwa siku kumi na tisa.

Tuseme ukweli, Atuganile hakuwa mtu wa kucheza na kanuni. Alizifuata mpaka watu wakamchoka. Aliwahi kumrudisha mwenyekiti wa kijiji mara mbili kwa kukosa cheti cha daktari. Mwenye tope miguuni hakuvuka kizingiti chake. Kanuni arobaini na moja za famasi ya jamii zilitundikwa ukutani ndani ya fremu, mahali ambapo wenzake huweka picha ya harusi. Ya saba ilisema hivi: kidonge mama kisikae nje ya kichupa chake kwa zaidi ya kuhesabu kumi. Aliijua kwa moyo. Aliwahi kumsomea mkaguzi mwenyewe.

Lakini daraja lilipokatika, kidonge chake cha mwezi kilikuwa kimefika mwisho. Akafanya kama wafamasia wote wa mlima ule wanavyofanya: alikwenda kuazima. Alitembea hadi Lupale kwa Mzee Ambakisye, mwalimu wake wa kazi, na mzee akampa kimoja kati ya viwili alivyokuwa navyo. Kichupa kilikuwa kimoja, kikabaki Lupale na kidonge cha pili. Atuganile alikikunja chake kwenye kipande cha bahasha. Kisha akafanya ambacho mama yake angefanya, na bibi yake, na kila mwanamke aliyewahi kupanda mlima ule akiwa na kitu cha thamani. Alikifunga kwenye pindo la kitenge, mafundo mawili, akalichomeka kiunoni.

Hakikupotea wala hakikuanguka. Alipanda saa mbili nzima, mvua juu na jasho chini, na kidonge kililala kiunoni mwake salama kuliko mahali popote duniani, au ndivyo alivyoona. Alipokifungua famasini kilikuwa na unyevu kidogo upande mmoja. Akakipuliza.

Akakipuliza! Mwanamke aliyewakatalia watu kwa ajili ya tope!

Watu mia mbili na kumi na wanne walikuwa wamechukua dawa kwake katika siku hizo. Wengi walikuwa na mafua, minyoo, maumivu ya mgongo ya wachuma chai. Lakini kulikuwa na orodha nyekundu, ya wale ambao dozi ikipungua mwili haungoji. Walikuwa kumi na mmoja. Jina la kwanza lilikuwa Sekela Mwakipesile, miaka thelathini na mmoja, kifafa, miaka mitatu bila kuanguka. Mwaka huu ofisi ya kata ilikuwa hatimaye imempa kibali cha jiko, na sasa alikuwa anakaanga maandazi njia panda, karai la mafuta likichemka mbele yake tangu alfajiri.

Atuganile alikitazama tena kioo.

Njia zilikuwa mbili, na zote alizijua. Akibonyeza Tangaza, kinu na makabati yanajifunga papo hapo kwa siku arobaini, mpaka wakaguzi wapite. Yeye angepewa onyo, leseni ingebaki. Ni kanuni nzuri, mradi uwe unaisoma mahali penye famasi nyingine ng'ambo ya barabara. Itagwe haikuwa nayo. Watu wangebaki na vidonge vilegevu mkononi na mlango umefungwa.

Akibonyeza Thibitisha, Ulimi ungeshika ladha mpya na kuisahau kabisa ya zamani, maana walioutengeneza hawakutaka uchanganyikiwe na kumbukumbu. Kuanzia leo kila kidonge kingekuwa kizima na hakuna ambaye angejua. Ushahidi pekee ungekuwa vidonge vya akiba kwenye droo ya chini, kimoja cha kila siku, vinavyotunzwa mwaka mzima endapo mkaguzi atataka kuonja. Droo inafunguka. Vidonge vinayeyuka kwenye maji. Ila anayethibitisha huku anajua, huyo amefuta ushahidi, na leseni yake inakufa siku hiyo hiyo itakapogundulika.

Alichukua simu, akampigia Lupale.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Gari limefika huko?"

"Limefika. Ulimi wako umesema ngapi?"

Mzee Ambakisye alikohoa kwanza. "Tisini na moja. Mvua hii! Nimethibitisha, nimeendelea na kazi."

"Wangu umesema sabini na tisa."

Sauti ya mzee ilisogea karibu na simu.

"Ulikibebaje, Atu?"

"Kwenye pindo."

Mzee hakucheka, na laiti angecheka ingekuwa afadhali. "Mimi changu nilikitoa famasi ya Masebe kwenye leso," alisema taratibu. "Na wa Masebe alikitoa kwa mwingine, hata sijui kwenye nini. Mwanangu, tumeazimana tangu wewe hujazaliwa. Tulikuwa tunaazimana sindano, tunaazimana maji ya drip. Daraja likikatika ulitaka tufunge milango?"

"Sikusema hivyo, baba."

"Basi thibitisha. Ukitangaza wataanza kwako, watapanda kwangu, watamaliza mlima mzima. Famasi sita, siku arobaini! Mama mjamzito wa hapa Lupale aende wapi? Hivyo vilegevu vitaisha vyenyewe majumbani kabla ya Jumapili."

"Na Sekela?"

"Sekela yupi?"

"Wa maandazi. Wa kifafa."

"Umesikia ameanguka?"

"Sijasikia."

"Haya basi."

Neno hilo lilimtuliza Atuganile kuliko alivyotaka limtulize. Alikata simu, akasimama, akavua koti jeupe. Alijiambia kwamba angekwenda kumtazama Sekela kwa macho yake mwenyewe. Akimkuta mzima, atarudi na kubonyeza Thibitisha, na droo ya chini ataijua mwenyewe. Alijiambia hivyo wazi kabisa, bila kuzungukazunguka. Ilikuwa saa nne kasoro.

*

Aliposhuka njia panda kitu cha kwanza alichokitafuta kilikuwa moshi. Hakikuwapo.

Jiko la Sekela lilikuwa baridi, karai limefunikwa kifudifudi juu ya mafiga. Alikaribia kuanza kukimbia, kisha akamwona Sekela mwenyewe chini ya kibanda, amekaa kwenye kigoda, amevaa sweta la mikono mirefu. Pembeni yake kwenye mkeka alikaa mama mkwe wake, amempakata mjukuu, Lugano, mtoto wa miezi sita.

Alikuwa mzima! Atuganile alishusha pumzi mpaka akajiona mjinga.

"Ndaga, dokta," Sekela alimsalimu kwa lugha ya nyumbani. Kijiji kizima kilimwita dokta, na alikuwa ameacha zamani kuwasahihisha. "Na mvua hii umetufuata mpaka huku?"

"Napita tu. Mbona leo hakuna maandazi?"

"Unga umeniishia."

"Na wewe hujambo? Mwili unasemaje?"

"Mzima kabisa, dokta. Kabisa."

Basi. Alikuwa amesikia alichokuja kukisikia. Angeweza kuaga, na kwa kweli aliaga. Alisema haya, nawaacha, akageuka kuelekea mlimani. Ndipo Lugano akaanza kulia.

Kilikuwa kilio cha njaa, kile kisichohitaji mkalimani. Atuganile aliangalia nyuma. Mama mkwe alikuwa anamrusharusha mtoto bila kumtazama mtu. Sekela alikuwa amekaa vilevile kwenye kigoda, mikono ameikunja, viganja amevificha makwapani. Mbele ya sweta lake madoa mawili ya maziwa yalikuwa yanapanuka, na bado hakunyoosha mkono.

"Mbona humchukui?" Atuganile aliuliza.

"Anazoezwa uji."

"Anazoezwa uji na ziwa linamwagika?"

"Mwambie dokta," mama mkwe alisema.

"Mama, tafadhali."

"Usipomwambia wewe, namwambia mimi."

Sekela aliinamisha kichwa. Alivuta mkono wa sweta wa kushoto, akaonyesha ngozi iliyobabuka kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko, imepakwa asali.

"Ijumaa alfajiri," alisema. "Mafuta yalikuwa hayajachemka, Mungu alikuwepo. Sikumbuki chochote. Niliamka nipo chini, mama ameniinamia. Na nilikuwa nimembeba, dokta. Alikuwa mgongoni."

Atuganile alimgeukia mtoto, akimtafuta jeraha kwa macho.

"Mama ndiye aliyemtoa. Hana hata mkwaruzo. Lakini tangu Ijumaa simbebi. Namnyonyesha nimelala kwenye mkeka, mama amemshika, na hata hivyo naogopa." Aliingiza mkono mfukoni, akatoa bahasha ya dawa. Ilikuwa na jua na mwezi vilivyochorwa kwa kalamu ya bluu. Kinu huchapa maelezo yake chenyewe, lakini watu wa Itagwe hawakuyaamini mpaka waone jua na mwezi wa dokta, kwa hiyo Atuganile alimchorea kila mtu kwa mkono wake. "Sikukosa hata kimoja. Vihesabu. Au labda nilikosa nikasahau, sijui, nimeanza kujitilia shaka mwenyewe. Jirani mmoja anasema ugonjwa huu ukirudi mara ya pili hautoki. Usiandike, dokta, nakuomba. Ofisi ya kata wakisikia, kibali kimekwenda."

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, mkubwa, umefunguliwa na mgonjwa mwenyewe. Atuganile aliuona. Angeweza kusema nitakutunzia siri, akaonekana mwema, wakaachana wote wawili wakiwa wameficha. Aliona aibu kiasi kwamba masikio yaliwaka moto, na aibu ile ndiyo iliyomsukuma, si ushujaa wowote.

"Si wewe, Sekela."

"Nini?"

"Hukukosa kidonge. Ugonjwa haukurudi. Dawa niliyokupa ilikuwa pungufu. Siku kumi na tisa imekuwa pungufu, na kosa ni langu."

Akaeleza yote, daraja, Lupale, pindo, kupuliza. Alieleza akiwa amesimama kwenye mvua kwa sababu hakuna aliyemkaribisha chini ya kibanda. Mtoto alikuwa amepewa kidole cha bibi yake anyonye, na alikuwa ananyamaza na kuanza tena.

"Kwa hiyo mwili wangu haukunigeuka," Sekela alisema mwishoni.

"Haukukugeuka."

"Siku nne nimeuchukia mwili huu." Hakupaza sauti. "Siku nne, dokta. Mtoto ananililia na mimi namwangalia kama si wangu."

Atuganile aliutazama ule mkono uliobabuka.

Mama mkwe alimhamishia mtoto begani. "Na wewe ndiye uliyenirudisha nyumbani kwa ajili ya tope miguuni," alisema.

*

Alirudi famasini saa sita ikiwa imebakiza dakika kumi na mbili. Kioo kilikuwa palepale, kinasubiri.

Njiani alikuwa amejaribu kila hesabu. Akitangaza sasa, kama kanuni inavyotaka, anabaki mfamasia na Sekela anabaki na bahasha ya vidonge vilegevu kwa siku arobaini. Akithibitisha na kunyamaza, Sekela atapata dawa, kumi wengine watapata dawa, lakini daraja litakatika tena, mvua za hapa zinajulikana, na mtu mwingine atafunga kidonge mama kwenye leso na kupanda mlima. Na huko Masebe au kwingineko labda kuna Sekela mwingine sasa hivi anauchukia mwili wake.

Kulikuwa na njia ya tatu. Haikuandikwa kwenye fremu kwa sababu hakuna mtu mwenye akili timamu angeichagua. Athibitishe kwanza, afyatue dawa nzima ya siku arobaini kwa watu kumi na mmoja, awape mikononi, kisha ndipo aseme. Ila kusema baada ya kuthibitisha si kutangaza tena. Ni kukiri. Onyo anapewa anayetangaza. Anayekiri anamwaga unga wake kabisa.

Alisimama mbele ya kinu. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita na hakujua kufanya kazi nyingine yoyote. Dakika nne. Aliwaza kwamba Bodi wangeweza kumwelewa, kisha akakumbuka kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kumwelewa mtu yeyote aliyesimama pale mlangoni na sababu nzuri. Dakika mbili.

Akabonyeza Thibitisha.

"Asante," kioo kiliandika. Ladha ya zamani ikafutika.

Kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kuchukua kidonge cha akiba cha siku ya Ijumaa na kukiweka juu ya Ulimi. Sabini na tisa. Akakirudisha kwenye droo pamoja na vingine kumi na vinane vya siku zile, akafunga, na ufunguo akauweka mezani mahali pa kuonekana. Kisha akafyatua cha kwanza cha Sekela. Kinu kiligumia. Ulimi ukalamba. Mia. Hakuuamini. Akafungua tena kabati, akatoa kichupa, akahesabu kwa sauti moja, mbili, tatu, akakilaza kidonge mama, akakirudisha kabla ya sita, akauonjesha Ulimi tena kile cha Sekela. Mia.

Alifanya kazi bila kuketi. Bahasha kumi na moja, jua na mwezi kwenye kila moja, na mistari ya jua ilitoka imepinda kwa jinsi alivyokuwa anaharakisha. Katikati ya kazi alimpigia tena Mzee Ambakisye.

"Baba, saa kumi na moja nitasema. Nitasema pindo, nitasema kuazimana. Jina lako sitalitaja, lakini wataliuliza. Una muda wa kuwafikia watu wako kwanza."

"Atu. Nilikufundisha kazi hii nikiwa nakuhurumia."

"Najua, baba."

"Umetuchimbia kaburi."

"Famasi yako ina wangapi kwenye orodha nyekundu?"

Mzee alikata simu.

Alizunguka kijiji na bahasha zake kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya mkebe mkavu, mbali kabisa na kiuno chake. Alizikusanya zile za zamani. Kila mlango alisema maneno yaleyale, ile niliyokupa ilikuwa pungufu, kosa ni langu, na kila mlango alitazamwa kwa namna yake. Mzee mmoja wa moyo alimshukuru, na ilimwuma kuliko matusi. Fundi cherehani alimtukana, akaona nafuu. Kwa Sekela aliacha mpaka mwisho.

"Kimoja asubuhi, kimoja usiku," alimwambia. "Dawa inahitaji siku tano kujaa tena mwilini. Mpaka hapo usimbebe na usiwashe jiko."

"Na baada ya hapo nani ataniambia kama imejaa?"

Atuganile aliipokea bahasha ya zamani, akaitia mfukoni.

Saa kumi na moja kamili alikaa mbele ya kioo na kuchagua Taarifa ya Kosa. Kioo kilitaka sababu, na kilikuwa na orodha yake: wizi, uzembe, ulevi, kughushi, hitilafu ya mtambo, nyingine. Akachagua nyingine.

"Eleza kwa sauti," kioo kiliandika.

"Nilikifunga kwenye pindo la kitenge," alisema. "Kidonge mama. Nilikiazima kwa sababu daraja lilikatika. Wote huku tunaazimana, na hatuna vichupa vya kuazimia. Ongezeni vichupa. Mtu mmoja ameanguka kwa sababu yangu. Leo nimethibitisha nikiwa najua, nikatoa dawa, ndipo nasema. Akiba zipo droo ya chini, na ufunguo upo mezani."

Kioo kilikaa kidogo. Pengine huko Bodi kulikuwa na mtu anasikiliza, pengine hakuna. Makabati yakajifunga moja baada ya jingine kuanzia mlangoni. Taa ya kinu ikazimika. Kwa mazoea tu, bila hata kufikiri, Atuganile aliweka kidole gumba pale anapokiweka kila jioni kufunga hesabu ya siku.

"Kidole hakitambuliwi," kioo kiliandika.

*

Siku ya tano mvua iliacha kidogo. Atuganile alikuwa amekaa kwenye ngazi ya famasi iliyofungwa, akimsubiri mkaguzi ambaye simu ilisema atafika kabla ya adhuhuri. Hakuwa na koti jeupe. Miguu yake ilikuwa na tope na hakuwa amelifuta.

Habari zilikuwa zimefika kwa vipande. Famasi tatu kati ya tano nyingine za mlimani zilikuwa zimefungua droo zao zenyewe na kukiri, na Bodi ilikuwa imeahidi gari la dawa kila Alhamisi. Lupale haikuwa kati ya hizo tatu. Simu za Atuganile kwa Mzee Ambakisye ziliita mpaka mwisho bila kupokelewa.

Aliwaona wakipanda kutoka njia panda, Sekela mbele, mama mkwe nyuma na mtoto mikononi. Wakafika, wakasimama chini ya ngazi.

"Leo ya tano," Sekela alisema.

"Najua."

"Nimekunywa kumi. Sikukosa." Alimwonyesha bahasha, ile yenye jua lililopinda. "Nimbebe?"

Atuganile alitazama kidole gumba chake. "Mimi si dokta tena, Sekela. Subiri gari la Alhamisi, watakupima."

"Sikukuuliza kama ni dokta. Nimekuuliza, nimbebe?"

Aliwaza mia ya Ulimi, mara mbili. Aliwaza kuhesabu kwake, moja mpaka tano. Alitafuta kitu kingine cha kushikilia, kioo, kanuni, namba, hakuna kilichobaki ambacho hakikuwa nyuma ya mlango uliofungwa.

"Mbebe," alisema.

Mama mkwe alisita, kisha akanyoosha mikono. Sekela alimpokea mwanawe kwa mkono wa kulia kwanza, ule mzima, halafu na wa kushoto wenye jeraha. Lugano alimtazama kama anayejaribu kumkumbuka, akamshika sweta, akaanza kutafuta ziwa.

Atuganile alikuwa ameshashuka ngazi. Aliweka mikono yake miwili chini ya mtoto, viganja vimefunguliwa, bila kumgusa, akaiacha hapo. Sekela hakumwambia aitoe. Gari la mkaguzi lilipoonekana likipinda kona ya chini, bado alikuwa amesimama vilevile.